Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tujifunze Kikorea kwa Kiswahili

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mhazini. Mimi nitazungumzia jambo lililoishughulisha kamati kuliko yote mwaka huu: makosa yanayojirudia kwenye madaftari ya wanafunzi wetu.

Mengi yana chanzo kimoja. Mwanafunzi anakitoa Kikorea kwenye Kiingereza, kisha Kiingereza anakileta kwenye Kiswahili, na njiani anapoteza alivyokuwa navyo tangu utotoni. Chukueni majina ya kuitana kwa jamaa. 큰아버지 (keunabeoji) ni kaka mkubwa wa baba: keun ni kubwa, abeoji ni baba. Mdogo wake baba ni 작은아버지 (jageunabeoji). Hao ni baba mkubwa na baba mdogo, neno kwa neno! Gomo ni shangazi, oesamchon ni mjomba. Anayepitia Kiingereza hupewa neno moja linalowabeba baba mkubwa, baba mdogo na mjomba kwa pamoja, kisha anaanza kuhangaika.

Vitenzi navyo ni hivyo hivyo. 먹다 (meokda) ni kula, 먹이다 (meogida) ni kulisha. 사다 (sada) ni kununua, 사 주다 (sa juda) ni kumnunulia mtu. 써 주다 (sseo juda) ni kumwandikia. Aliyezoea kunyambua vitenzi anaelewa papo hapo. Ila juda ni ya kumfanyia mtu tu. Kwenye “kalamu ya kuandikia” haiingii.

Mitego ya Kiswahili chenyewe pia ipo, na mkubwa ni -ni ya mahali. Sisi tunasema “niko nyumbani”, “nasoma nyumbani”, “natoka nyumbani”, zote kwa -ni moja. Kikorea kinazitenganisha: kuwepo ni 집에 있어요 (jibe isseoyo), lakini kutenda jambo mahali fulani ni 집에서 공부해요 (jibeseo gongbuhaeyo), na kutoka ni jibeseo vilevile. Mwanafunzi akizoea -e (ile ya jibe) kila mahali, kosa hilo humfuata miaka. Dawa yake ni kujiuliza kabla ya kuandika: mtu yupo tu, au anafanya kitu?

Kuhusu viambishi vinavyofuata jina, 은/는 (eun/neun) cha mada na 이/가 (i/ga) cha mtenda, walimu wetu wanashauri tuache maelezo marefu na tutumie “ndiye”. Ukiulizwa “nani amekuja?”, jibu ni “Juma ndiye aliyekuja”: hapo ni 이/가. Ukisema “chai nimekunywa, mkate bado”, chai na mkate vyote vinachukua 은/는. Mfano huu haumalizi kila kitu, lakini humvusha mwanafunzi ngazi ya mwanzo.

Saa imewaangusha wengi. 세 시 (se si), yaani “saa tatu” kwa maneno, kwetu ni saa tisa. Tena saa huhesabiwa kwa namba za Kikorea chenyewe (hana, dul, set) na dakika kwa zile zenye asili ya Kichina (il, i, sam): 세 시 십오 분 (se si sibo bun) ni saa tisa na robo.

Kwenye matamshi tuna mazoea ya kuongeza irabu mwishoni. 밥 (bap, wali) linageuka “bapu”. Funga midomo kwenye p na usiiachie. 국물 (mchuzi) huandikwa guk-mul lakini husomwa gungmul, kwa sababu k ikikutana na m inakuwa ng' ya ng'ombe. Asiyejua hili hulikosa neno akilisikia, hata kama maandishi yake anayafahamu. Wanachama wa pwani wanaotofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini wawasaidie wenzao: ile pumzi ya p'aa ndiyo ya herufi ㅍ (p), ㅌ (t) na ㅋ (k). Bila pumzi hiyo, 탈 (tal, kinyago) huchanganywa na 딸 (ttal, binti).

TOPIK ni mtihani wa kupima Kikorea cha wageni; TOPIK I ni wa ngazi ya mwanzo na TOPIK II ni wa ngazi za juu. TOPIK I ya karatasi ina maswali 30 ya kusikiliza kwa dakika 40 na 40 ya kusoma kwa dakika 60. Alama 80 kati ya 200 hukupa daraja la 1, alama 140 daraja la 2. Haina sehemu ya kuandika, na hapo ndipo tunapojidanganya, maana wanafunzi huacha kabisa kuandika, kisha TOPIK II inawadai insha ya herufi 600 hadi 700 yenye alama 50 kati ya 100 za uandishi. Insha hiyo huandikwa kwa miishio ya -다 (-da), siyo -요 (-yo) ya mazungumzo.

Kwa hiyo kamati inaomba ridhaa yenu kwa mambo mawili: kila mwanafunzi aandike sentensi tano kwa siku kuanzia mwezi wa kwanza, na tuanze kutunga kijitabu cha sarufi ya Kikorea kwa Kiswahili. Walio tayari kuandika sura mojamoja wajiandikishe kwa katibu kabla ya mkutano kufungwa.