Wazazi wa kichanga asiyeweza kupona wasiachwe peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wazazi ambao mtoto wao mchanga ana maradhi yasiyotibika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hapa Tanzania watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengi wao wangeweza kuokolewa, na kila juhudi ya kuwaokoa inastahili kuungwa mkono. Wapo hata hivyo ambao hakuna mashine itakayowasaidia, kama vile aliyezaliwa bila sehemu kubwa ya fuvu na ubongo, au njiti ambaye mapafu yake ni machanga mno.

Mimi ni mkunga wa miaka mingi, na nimeona mara nyingi kwamba daktari akishasema hakuna la kufanya, wahudumu wote tunahamia kitanda kingine. La kufanya lipo. Mtoto huyo anaweza kupewa dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake, akalazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, midomo yake ikalowanishwa kwa matone ya maziwa. Baba na bibi wakaruhusiwa kuingia hata kama si saa ya kuona wagonjwa. Akaadhiniwa au akabatizwa, na akaitwa kwa jina lake. Hiyo ndiyo tiba shufaa, ambayo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia mwaka 2014 kwamba iwafikie wagonjwa wa rika zote, lakini kwetu wengi bado wanadhani ni ya watu wazima wenye saratani. Pale ambapo kipimo cha picha kimeonyesha tatizo mapema, mazungumzo na wazazi yaanze kliniki, kabla uchungu haujaanza.

Linaloniuma zaidi ni yanayomkuta mama baada ya kifo. Hurudishwa katika wodi ile ile wanamonyonyesha wenzake, na siku ya tatu hivi matiti yanajaa na kuuma, wala hakuna aliyemweleza kwamba akamue kidogo tu ili apate nafuu, avae sidiria inayomshika vizuri na ajikande kwa kitambaa cha baridi. Anachoambiwa ni "jikaze, utapata mwingine", maneno ambayo sijawahi kuona yakimfariji mzazi yeyote.

Naiomba Wizara ya Afya iandae mwongozo wa huduma hii kwa wodi zote za watoto wachanga, na hospitali ziwatengee kina mama hawa chumba, hata kiwe kidogo. Maofisa ustawi wa jamii nao wawaeleze walioajiriwa haki yao kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani, kwa maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 nyingine za likizo yenye malipo endapo mtoto atafariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na wengi hurudi kazini bila kulijua hilo.

Mkunga,
Tanga