Risala ya Klabu ya Usomaji na Uandishi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Riwaya "Jiwe Linakwenda Mwanza"

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Ndugu wajumbe wa Bodi ya Shule,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni, na wale tunaolingana, habari za asubuhi.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Tunakushukuru wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu na kuja Songea katika wiki ambayo tunajua una shughuli nyingi. Karibu sana shuleni kwetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, kitabu tunachokuomba ukizindue leo ni riwaya ya kuchekesha. Tunalisema mapema kwa sababu tangu tuanze kuiandika tumeulizwa mara nyingi, na watu tunaowaheshimu, kwa nini vijana wa sekondari wasiandike jambo zito. Kwa nini tusiandike kuhusu mimba za utotoni, dawa za kulevya au watoto wa mitaani? Riwaya za namna hiyo tumezisoma darasani, tumezijibia mitihani, nyingine zimetutoa machozi kweli. Tunazithamini. Hata hivyo, kwenye rafu ya maktaba yetu hatukukuta riwaya hata moja ya Kiswahili ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeisoma chini ya mwembe huku anacheka peke yake mpaka wenzake waje kumuuliza kuna nini. Tulitaka kuiandika hiyo.

Hadithi yenyewe ni ya safari. Kijana wa miaka 16 amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Mwezi Desemba familia inamtuma amsindikize bibi yake kutoka Songea hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300, kwenda kumwona kitukuu aliyezaliwa huko. Bibi anakataa kwenda mikono mitupu. Anakataa khanga, anakataa sabuni, anakataa pesa za kwenye simu. Anachukua jiwe la kusagia ulezi alilorithi kwa mama yake, analifunga ndani ya kiroba, na kumwambia mjukuu: "Beba, mume wangu, twende."

Wazee waliopo hapa hawahitaji maelezo. Bibi kumwita mjukuu wa kiume "mume wangu" ni utani wa kila siku katika nyumba zetu. Ndani ya riwaya utani huo unamfuata kijana njia nzima. Kila akishindwa kuinua kile kiroba, Bibi anawageukia abiria na kuwauliza kwa sauti ya huzuni kama kuna mwenye mume mwingine wa kumwazima.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa ruhusa yako tunasoma kipande kifupi. Basi limefika kwenye mizani karibu na Makambako, uzito umezidi upande wa nyuma, na kondakta anawaomba abiria wasogee mbele ili ekseli ya nyuma ipate nafuu:

"Abiria walisongamana mlangoni mpaka dereva akashindwa kuona kioo cha pembeni. Mizani ikakataa. Kondakta akashuka, akafungua buti, akapapasa mizigo mmoja mmoja. Alipofika kwenye kiroba chetu akavuta, hakikuja. Akavuta kwa mikono miwili. Akainua uso. 'Bibi, humu kuna nini?' Bibi akamjibu kutoka dirishani: 'Chakula.' 'Chakula gani kizito hivi?' 'Hakijasagwa, mwanangu.'"

Kipande hicho tulikiandika upya zaidi ya vingine vyote. Mwanzoni kondakta alikuwa mkali na Bibi alimshinda kwa matusi, na klabuni hakuna aliyecheka. Mwalimu mlezi wetu akatushauri tumwache kondakta awe mtu mwema aliyechoka. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka. Tulijifunza kwamba msomaji hucheka zaidi anapowapenda wote wawili wanaozozana, na kanuni hiyo tumeishika hadi ukurasa wa mwisho. Riwaya hii haina mtu anayedhalilishwa ili wengine wacheke. Tulikubaliana hivyo klabuni na tunalisema mbele ya wazazi wetu.

Kiini cha riwaya, Ndugu Mgeni Rasmi, ni utani wa makabila. Tulipoanza kupanga njia ya basi, tuliona kwamba kijana wa Kitanzania anayekatiza nchi yake hapiti miji tu. Kila anaposhuka anakutana na watu ambao babu zake walipigana nao, walifanya nao biashara au walilala kwao njiani, na leo kilichobaki ni ruhusa ya kutaniana. Sisi Wangoni tulifika huku tukitokea kusini mwa Afrika, na mwaka 1835 wazee wetu wakiongozwa na Zwangendaba walivuka mto Zambezi. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali. Leo Mngoni na Mhehe ni watani. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, na ukikasirika unaonekana wewe ndiye usiye na adabu.

Basi Bibi akishuka stendi ya Iringa, wa kwanza kukutana naye ni mama muuza vikapu. Akisikia tu lafudhi, anaanza: "Wewe Mngoni, wazee wako walikimbia hapa wakaacha viatu! Lipa ushuru wa kuvitunza." Bibi hatetereki: "Hatukukimbia. Tuliviweka rehani, na leo nimekuja kuvikomboa. Vilete." Wanazozana kwa kurasa kadhaa, watu wanajaa, kijana anatamani ardhi ipasuke, basi linapiga honi. Mwisho mama yule anamnyang'anya Bibi mtandio, Bibi anachukua kikapu bila kulipa, na wanaagana kwa kukumbatiana. Kijana anamuuliza bibi yake kama wanafahamiana. Bibi anashangaa: "Nimfahamu wapi? Mimi Iringa sijawahi kufika."

Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sura bora katika kitabu. Hatukuitoa hewani. Tulikwenda kwa wazee, tukakaa nao, wakatueleza jinsi watani wanavyofanya hata msibani: wanavyozuia jeneza lisipite mpaka walipwe, wanavyoingia kaburini na kujilaza, wanavyomwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mkoa wetu unaijua huzuni. Kila mwezi Februari tunawakumbuka hapa Songea mashujaa wa Majimaji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Watu wenye kumbukumbu hiyo ndio hao hao wanaoita mtani msibani aje awachekeshe wafiwa. Kwa hiyo tukiambiwa kicheko ni mchezo wa watoto, tunaomba kutofautiana kwa heshima.

Baada ya Iringa njia inashuka kuelekea Mtera, inapita kwenye bwawa, abiria wananunua samaki madirishani na basi zima linanuka samaki hadi Dodoma. Sehemu hiyo ni fupi. Iko pia sura ya kuchimba dawa, ambayo hatutaisoma hapa kwa kuwaheshimu wageni, ila tunaahidi kwamba wasomaji wetu wa majaribio wameirudia kuliko nyingine zote.

Tumesimama zaidi Singida, na kuna sababu. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku wa manane, mpaka Serikali ilipofungua tena safari za usiku mwaka 2023. Tunafurahia ruhusa hiyo kama wasafiri. Kama waandishi, tuliirudisha hadithi nyuma kabla ya mwaka huo kwa makusudi, ili basi lilazimike kulala njiani. Vijana wanaopanda basi la usiku sasa hawajui ilivyokuwa. Basi linapata pancha baada ya Manyoni, muda unakwisha, linaegeshwa Singida, taa zinazimwa, na watu wasiojuana wanalala wameegemeana mabega kwa upepo wa Singida unaoingia kwenye dirisha lisilofunga. Mama mmoja anatoa khanga ya ziada na kuwafunika watoto wasio wake. Mzee wa viti vya nyuma anakoroma, abiria wanapiga kura kama aamshwe au aachwe, na kura zinafungana. Bibi ndiye mwenye kura ya mwisho, na amelala.

Katika basi hilo kuna fundi redio, Mzaramo, anayekwenda Mwanza kwa mara ya kwanza. Tulimweka kwa sababu Bibi, kadiri anavyokwenda kaskazini, anaishiwa watani, na Bibi bila mtani ni mgonjwa. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara ya pwani na bara. Basi likishateremka mlima Sekenke, likapita Igunga na Nzega na kuingia Shinyanga, yule fundi mpole aliyenyamaza tangu Dodoma anageuka mtu mwingine kabisa. Anawaambia abiria wa Kisukuma kwamba amekuja kukagua ng'ombe wake walioachwa huku na mababu. Wao wanamjibu kwamba ng'ombe wapo, ila wanamdai malisho, na wanamteremshia begi lake kama dhamana. Kijana wetu, ambaye mwanzoni mwa safari alikuwa anamwonea bibi yake aibu na kujifanya hamjui, hapo anacheka kwa sauti kuliko wote, na kwa mara ya kwanza anajibu utani yeye mwenyewe. Huko kukua kwake tulitaka kuonekane bila mtu yeyote kukutaja.

Kuhusu jiwe, Ndugu Mgeni Rasmi, unaijua Mwanza. Ni mji wa mawe. Mawe milimani, mawe ziwani, nyumba juu ya mawe. Kijana anapochungulia dirishani na kuyaona mawe hayo yote, huku mabega yake yana malengelenge ya kubeba jiwe moja kutoka Songea, tunadhani utapenda kusoma mwenyewe anachomwambia Bibi, na Bibi anachomjibu. Hatutasema zaidi.

Ndugu Mgeni Rasmi, kazi hii imefanyika kwa kuandika kwenye madaftari, kusomeana kwa sauti baada ya vipindi, na kuchapa kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma pale inapokuwa haina kazi nyingine. Kusoma kwa sauti ndiko kulikotusaidia zaidi, kwa maana sentensi isiyochekesha mdomoni haichekeshi kwenye karatasi. Tunawashukuru wazazi waliotuvumilia tulipochelewa kurudi nyumbani, na madereva wa stendi waliotuhadithia mambo ya barabarani wakati wa mapumziko yao ya chakula.

Hata hivyo tuna upungufu, na tunakuletea maombi yetu.

Nakala ulizoziona mezani ni za kutoa kopi na kubana kwa pini. Tunaomba utusaidie kupata mchapishaji au mfadhili wa kuchapa toleo la kwanza, ili kitabu kipate namba ya ISBN kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania na nakala zake ziwekwe katika maktaba ya mkoa wetu na za shule za jirani. Hatuombi posho. Tunaomba kitabu kisomwe na watoto ambao hatuwajui.

Tunaomba pia ushauri wako wa namna ya kuwasilisha mswada huu katika Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Tunajua tutashindana na watu wazima wenye uzoefu. Tunaamini waamuzi nao wanapenda kucheka.

Ombi letu jingine linawahusu walimu na wazazi waliokaa hapa mbele, na tunaomba utufikishie kwa uzito wako. Mwanafunzi akionekana anasoma riwaya ya kuchekesha, asiambiwe aiweke chini akachukue kitabu cha maana. Wapo wenzetu, tunawafahamu kwa majina, ambao hawakuwahi kumaliza kitabu chochote mpaka walipoanza huu mswada, na sasa wanatusumbua wakitaka sehemu ya pili. Waachiwe wasome.

Na sehemu ya pili ipo njiani. Bibi lazima arudi Songea, na tumeamua arudi kwa njia ya Tabora hadi Mbeya, apite kwa watani ambao hajawahi kuwaona. Tunachohitaji ni mtu aliyesafiri njia hiyo atueleze basi linasimama wapi watu kula na abiria wananunua nini madirishani. Kama wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, au yeyote miongoni mwa wageni wetu ameipita, tunamwomba asiondoke kabla ya kuonana na katibu wa klabu. Amekaa karibu na mlango, ana daftari.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Usomaji na Uandishi