Mgao sawa haujaziba pengo la masomo

Mhariri,

Kila bajeti ikisomwa, mjadala wa elimu huishia kwenye mabilioni yaliyotengwa. Sisi wazazi wa Likoni twataka kujua zaidi jinsi pesa hizo zinavyogawanywa.

Kwa miaka mingi mgao wa shule za msingi za umma umekuwa Sh1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ni kiasi kile kile, awe mtoto wa mwenye kazi ya kudumu kule Tudor au wa kibarua wa Mtongwe. Yaonekana ni haki, lakini sivyo. Wa kwanza ana twisheni, vitabu na mahali patulivu pa kusomea. Wa pili amebanana na wenzake watatu kwenye dawati moja, na mamake anadaiwa pesa za mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa sababu walimu wa serikali hawatoshi. Tena atarudishwa nyumbani asipolipa!

Ukubwa wa shule nao una mambo yake. Mgao ukihesabiwa kwa vichwa, shule ndogo hupata kidogo, ilhali mlinzi lazima alipwe, stima lazima ilipwe, na mwenye boza la maji hapunguzi bei kwa kuwa wanafunzi ni wachache. Shule iliyofurika hupata zaidi, lakini mwalimu bado ni mmoja mbele ya umati.

Wapo wanaodai pesa hazisaidii, kwamba yote ni malezi. Hoja hiyo ilipata nguvu Marekani baada ya ripoti ya James Coleman ya 1966, iliyoona kuwa hali ya nyumbani ina uzito kuliko matumizi ya shule. Lakini mwaka 2016 watafiti Jackson, Johnson na Persico walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto hadi utu uzima, baada ya kesi za mahakamani kubadilisha ufadhili wa shule zao. Matumizi yalipoongezwa kwa asilimia 10 katika miaka yote 12 ya masomo, watoto wa familia maskini walisoma karibu nusu mwaka zaidi, na mishahara yao ikapanda kwa karibu asilimia 10.

Naiomba Wizara ya Elimu iongeze mgao kwa shule za mitaa maskini, na iweke kiwango ambacho kila shule itapata kabla vichwa havijahesabiwa. TSC, tume inayoajiri walimu, nayo ipeleke walimu wapya kwanza kulikofurika. Wabunge wa maeneobunge yetu sita ya Mombasa walifikishe hili bungeni kabla ya bajeti ijayo.

Mzazi,
Likoni, Mombasa