Mwisho wa filamu ni wa mwenye kuitunga

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya filamu kupigwa marufuku, manake kila hii stori ikizuka watu wanakimbilia maadili, maadili, na swali lenyewe linaachwa chini bila wa kuliokota.

Chukua Rafiki, ile ya Wanuri Kahiu. 2018 ndiyo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes kule Ufaransa, na kabla haijaonyeshwa huko, mwezi wa Aprili, bodi ya filamu ikaifungia hapa nyumbani. Sibishani na mtu kuhusu wasichana wawili kupendana, kila mtu ana dini yake na malezi yake. Kinachoniuma ni kile mwongozaji mwenyewe alisimulia, kwamba bodi ilitaka abadilishe mwisho kwa sababu una matumaini mno. Hebu kaa na hiyo kidogo. Shida ni mwisho! Wale wasichana wangeteseka wakajuta pengine ingepita. Sasa hiyo si kulinda watoto, ya kulinda watoto bodi iko na alama zake, GE ya watu wote, PG ya mtoto kuongozwa na mzazi, 16 na 18 za umri, si ungebandika 18 hapo, mlangoni waitishe kitambulisho, basi. Hii ni kumpokonya mtu kalamu yake.

Na mimi najua vile inauma. Ni mwalimu, nimesimamia drama shuleni miaka kadhaa. Kuna mwaka tulikuwa na mchezo wa polisi wa barabarani anayekula hongo za makanga, kijana wa form two ndiye alikuwa polisi, amejifunga mshipi wa babake unaomzunguka kiuno karibu mara mbili, na kofia ya katoni tuliyoipaka wino. Mkubwa mmoja akaja akasema mchezo ni mzuri lakini lazima yule polisi atubu arudishe pesa. Tukabadilisha, niliogopa tusije tukatolewa. Kijana akaniuliza, mwalimu, wewe ushawahi kuona akirudisha? Sikumjibu. Siku ya mashindano ile sehemu ya toba aliisema mbio mbio akiangalia viatu vyake.

Katiba ya 2010, kifungu cha 33, imetaja uhuru wa ubunifu wa kisanii wazi wazi, ikataja na yenye hayakubaliki, propaganda ya vita, kuchochea ghasia, matamshi ya chuki. Mwisho wenye matumaini haumo. Lakini bado tunaendeshwa na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1962, bendera yetu haijapandishwa, na inataka ukiomba laiseni ya kushuti upeleke maneno yote yatakayosemwa kwa filamu nzima, kamera hata hujaiwasha.

Septemba 2018 Mahakama Kuu iliondoa marufuku ya Rafiki kwa siku 7, watu wazima pekee, na pale sinema ya Prestige, Ngong Road, Nairobi, tiketi ziliisha. 2020 Mahakama Kuu hiyo hiyo ikasema marufuku ikae. Halafu Aprili 2025 tukawaona wasichana wa shule ya Butere kwenye mashindano ya drama kule Nakuru, korti ishaamua waigize mchezo wao, vitoa machozi vinarushwa, mwishowe wakaimba wimbo wa taifa wakatoka bila kuigiza. Wanafunzi hao jameni! Mimi kama mwalimu nililia.

Wabunge waondoe hicho kipengee cha kupeleka skripti, na bodi ibaki na kazi ya kupima umri wa mtazamaji tu. Mtu wa miaka 18 tunampa kura achague rais, kisha filamu tunamwambia hataiweza.

Yule kijana wangu sasa ako chuo anasomea filamu. Juzi alinitumia skripti yake ya kwanza, nikamrekebishia tahajia nikamrudishia. Mwisho sijaugusa.

Mwalimu wa drama,
Kilifi