Mstari wa sehemu ni mabano

Ndugu Mhariri,

Mtoto anayefundishwa kutatua milinganyo yenye sehemu, shuleni au kwenye tuisheni hapa Dar es Salaam, huambiwa mapema sana "ondoa asili", yaani namba iliyo chini ya mstari wa sehemu. Ni ushauri sahihi, lakini hautoshi. Mstari wa sehemu unafanya kazi ya mabano. Ukiondolewa bila mabano kuandikwa mahali pake, alama za kujumlisha na kutoa zinavurugika.

Chukua swali hili: ikiwa y = 4, tafuta x katika x/3 − (x − y)/4 = 2. Weka 4 mahali pa y: x/3 − (x − 4)/4 = 2. KDS ya 3 na 4, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili bila baki, ni 12. Zidisha kila kipande kwa 12, pamoja na ile 2 ya kulia: 4x − 3(x − 4) = 24. Fungua mabano: 4x − 3x + 12 = 24, hivyo x = 12.

Asiyeandika mabano huishia kwenye 4x − 3x − 12 = 24, akapata 36. Namba nzima, haina mabaki, anaridhika. Sasa airudishe kwenye swali: 36/3 ni 12, (36 − 4)/4 ni 8, tofauti yake ni 4 wakati swali linataka 2. Tena hiyo 36 ni jibu halali la swali jingine, lile ambalo y yake ni −4!

Mwingine haizidishi 2 ya kulia kwa kuwa haioni asili yake. Anapata −10. Akihakiki, upande wa kushoto unatoa 1/6, yaani 2 iliyogawanywa kwa 12 aliyoisahau. Mwalimu akiiona 1/6 hiyo, kosa ameshalijua.

Uhakiki ufanyike kwenye mlinganyo wa kwanza kabisa, wenye sehemu. Ukiiweka 36 kwenye 4x − 3x − 12 = 24 itakubali vizuri tu, maana huo ndio mstari uliobeba kosa.

Nanyi wahariri mnaochapa maswali ya wanafunzi, sehemu ikikaa kwenye mstari mmoja mabano ni lazima. Kwa x = 12 na y = 4, (x − y)/4 ni 2, lakini x − y/4 ni 11. Tunaomba hilo likaguliwe kabla gazeti halijaenda mitamboni.

Walimu wa Hisabati,
Temeke, Dar es Salaam