Kwa nini tunakubadilishia farasi

Wanafunzi wetu wengi wa kupanda farasi wakiletewa farasi mwingine huuliza wamekosea nini. Hujakosea. Farasi mliyezoeana huyafunika makosa yako: kona ya kugeukia anaijua, sauti ya mwalimu anaifuata, na huanza kwenda matiti, yaani mbio za polepole, kabla mguu wako haujamgusa. Unaamini umejua kupanda, kumbe umemjua yeye tu.

Kumjua farasi mgeni kunaanzia chini, kabla hujapanda. Mwendee upande wa bega huku ukimsemesha, maana macho yake yako pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, ila si mbele kabisa ya paji wala nyuma ya mkia. Mwache akunuse mkono. Pima vikuku vya kukanyagia upya, na mkanda wa tumbo ukague tena baada ya kutembea kidogo, kwani baadhi ya farasi hujikaza wanapofungwa.

Ukishapanda, tembea tu kwanza. Mtake asimame, aondoke, ageuke. Ngozi ya farasi huhisi hata nzi akitua, kwa hiyo anza na mguso mwepesi wa shavu la mguu. Asipoitikia ndipo uongeze. Tazama masikio: likikugeukia moja, anakusikiliza. Yakilala bapa nyuma, ana hasira au anaumia, mwambie mwalimu papo hapo.

Kinachowasumbua wengi zaidi ni mikono. Mtu akiogopa huvuta hatamu, na hapo hapo hubana miguu asianguke. Farasi anaambiwa simama na nenda kwa pamoja. Aliyekuzoea atavumilia, mgeni atarusha kichwa au ataongeza mwendo, nawe utazidi kuvuta. Toa pumzi. Legeza mapaja, viwiko vifuate kichwa chake, kwa kuwa anapotembea kichwa hupanda na kushuka kila hatua, na mkono uliokakamaa humuumiza mdomo. Akizidi kasi, mwingize taratibu kwenye duara kubwa. Atapunguza bila kugombana naye. Duara dogo la ghafla tunalikataza, linaweza kumtelezesha.

Kabla ya kukubadilishia, tutakueleza tabia za farasi huyo: mzito au mwepesi wa kuitikia, anashtuka nini, anapenda kuguswa wapi. Ukiona bado hujawa tayari, sema. Mwalimu atamshika kamba mpaka utulie, na ukitaka kurudi kwa yule wa zamani kwa somo moja au mawili, hatuhesabu kuwa umerudi nyuma.