Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nanyuki: Kambi Ikifungwa

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Muda wangu nautumia kwa swali ninaloulizwa sokoni, kanisani, hata matangani: jeshi la Uingereza likifunga kambi yake ya mazoezi hapa Nanyuki, sisi tunaofanya kazi humo tutakula wapi?

Mimi sijaona barua ya kuondoka. Ila makubaliano ya ulinzi ya Kenya na Uingereza, yaliyotiwa saini 2021 na kuidhinishwa na Bunge 2023, si ya milele, na siku yatakapojadiliwa upya vibarua vyetu vitakuwa mezani hata kama hakuna atakayetutaja. Tulishaonja 2020, korona ilipositisha mazoezi. Hawakuumia wa kambini tu. Wenye ploti, madereva wa teksi na akina mama wa vibanda waliumia pia.

Kamati imefuatilia kwa makini mambo ya Dakar. Mwisho wa 2024 Rais Bassirou Diomaye Faye alitangaza kwamba Senegal haitakuwa tena na majeshi ya kigeni mwaka uliofuata. Wafanyakazi 162 walioajiriwa moja kwa moja na jeshi la Ufaransa wakapangiwa kuachishwa 1 Julai 2025, na tarehe 17 mwezi huo Camp Geille, kambi ya Wafaransa mjini Dakar, ikakabidhiwa. Hao 162 angalau walijua siku yao na mwajiri wa kumdai. Waliokuwa chini ya wakandarasi hawakuhesabiwa humo. Sasa tujitazame sisi: ni wangapi hapa wanaoingia geti lile kila asubuhi, ilhali aliyewaandika ni mkandarasi, tena wengine kwa mdomo tu?

Ndiyo maana mwaka huu tumehimiza makaratasi, hadi wengine wakachoka nasi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, amjulishe afisa wa kazi, na alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Lakini miaka ya kulipwa ni ile unayoweza kuithibitisha. Payslip zitunzwe. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikaguliwe sasa, kabla mkandarasi hajafunga ofisi na kuzima simu. Na anayeacha kazi, kwa sababu yoyote ile, adai cheti cha utumishi. Ni haki yake, haombi msaada.

La ufundi linanikera zaidi. Tuna watu wanaofungua injini ya lori la jeshi na kuirudisha, lakini wakifika gereji ya Nyeri wanaanza kama wanafunzi kwa kukosa cheti. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, upo. Waliokwenda wameiona faida yake. Waliobaki wananiambia wamezeeka. Hawajazeeka.

Kuna wanaonitajia Subic, iliyokuwa kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Ufilipino, kama dawa. Ni kweli, baada ya Seneti ya Ufilipino kukataa mkataba mpya kwa kura 12 dhidi ya 11 mwaka 1991, na Wamarekani kuondoka Subic Novemba 1992, watu wa mji jirani wa Olongapo na meya wao Richard Gordon walijitolea kulinda majengo yasiporwe, na mahali pale pakawa eneo huru la biashara. Kampuni ya usafirishaji vifurushi ya FedEx ikaweka kituo chake kikuu cha Asia hapo 1995, kisha 2009 ikakihamishia China. Lakini Subic ina bandari. Kambi yetu imo ndani ya ardhi ya KDF, jeshi la Kenya, na majengo yatarudi kwa KDF. Tusijenge matumaini juu ya mabati ya wengine.

Jambo moja lilitugawanya. Kamati ya Bunge ya ulinzi ilipokuja kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya wanajeshi wa Uingereza, baadhi yenu mlitaka tuandike barua ya kulisafisha jina la kambi. Kamati yetu ilikataa, nami nasimama na uamuzi huo. Familia ya Agnes Wanjiru, aliyeuawa mjini humu 2012 na anayeshukiwa akiwa mwanajeshi wa Uingereza, imesubiri haki zaidi ya miaka kumi. Tunatetea mishahara yetu. Hatuwezi kutetea kila kilichofanywa na wanaotulipa.

Leo mtapiga kura kuhusu makato ya mfuko wa dharura. Napendekeza mkubali, na mfuko usikopeshwe kwa ada za shule wala sherehe. Wenye barua za ajira wampe katibu nakala kabla ya chakula cha mchana. Mashine ya fotokopi iko mlangoni, na chama ndicho kinacholipia.